Farasi Anayerusha Miguu ya Nyuma Akitolewa Nje: Mwongozo kwa Saisi na Mpandaji Mpya

Swali hili halikosi wiki. "Ndani ya uwanja ametulia kama maji ya mtungini, tukitoka nje ya geti tu anaanza kurukaruka." Mwingine: "Wenzake wakianza kukimbia mbele, anainamisha kichwa, anakunja mgongo na kunitupa." Halafu yanafuata yale mengine: nimchape, nimbadilishie lijamu (chuma cha mdomoni), nimpunguzie chakula, nimkimbize mpaka achoke? Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio ili nikiulizwa tena nikuelekeze usome.

Nimemfikiria hasa farasi ambaye saisi (watunza farasi) wengi wa Nairobi na kandokando yake hukutana naye: farasi wa mbio aliyemaliza kazi pale uwanja wa Ngong, akauzwa au kugawiwa, na sasa yuko Karen, Lang'ata au Naivasha akitakiwa kuwa farasi wa kupandwa taratibu. Huyu alianza kufundishwa mbio akiwa na umri wa miaka miwili hivi, na alichofundishwa ni tofauti na unachomtaka wewe. Ukiwa na farasi wa polo Gilgil au wa shambani Usa River, hatua ni hizi hizi.

Mwongozo huu ni wa farasi anayerusha miguu ya nyuma kwa msisimko. Kama wako husimama kwa miguu ya nyuma mpaka anakaribia kuanguka chali, au anachomoka mbio bila kusikia chochote, usianze naye peke yako. Mtafute mtu mwenye uzoefu aje amwone.

Nadharia kidogo tu

Ili arushe kwa nguvu, farasi anahitaji mambo matatu: kichwa kiwe chini, mgongo uwe umekunjwa juu, na mwendo wa mbele uwe umepungua. Mnyime mojawapo na mrusho unapungua nguvu. Kwa hiyo kichwa kikae juu na miguu iende mbele.

Sababu za kurusha nazo ni tatu, na uzichunguze kwa mpangilio huu: maumivu, nguvu zilizofungiwa, kisha msisimko au woga. Watu wengi huanza na ya tatu. Wanamwita mkorofi, wanamtafutia mpandaji shujaa, na mgongo wake unaendelea kuuma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kofia ngumu ya kupandia yenye mkanda wa kidevuni, mkanda ufungwe. Kofia ya bodaboda haifai.
- Viatu vyenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku (pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko). Usipande na gambuti, wala raba za soli bapa.
- Ukanda wa shingo. Ukanda wa zamani wa kikuku unatosha: mzungushie shingoni, uwe legevu kiasi cha kupitisha ngumi.
- Lijamu laini ya kawaida, yenye kiungo kimoja au viwili.
- Kamba ndefu ya mita 7 au 8 ya kumzungushia, na glavu. Kamba ikikwaruza kiganja kitupu utaiachia tu.
- Uwanja wenye ua, hata kama ni kipande cha padoki (kiwanja cha malisho ya farasi).
- Mwenzako mwenye farasi mzee, mtulivu, asiyejali kitu. Huyu ni muhimu kuliko vyote vilivyotangulia, ukiacha kofia.
- Simu, iwe mwilini mwako. Wengi huiweka kwenye kijimfuko cha tandiko. Ukianguka, farasi anaondoka nayo.

Jipe wiki sita au zaidi. Kama bosi anataka ampande Jumamosi ijayo, mwambie mapema kwamba haitawezekana.

Hatua ya 1: Kagua mwili wake

Mfunge mahali tulivu, kabla ya kumtandika. Simama pembeni, weka vidole vyako vitatu nyuma ya kigongo cha mabega, kisha shuka nao taratibu kando ya uti wa mgongo hadi kiunoni, ukibonyeza kwa nguvu ya wastani. Fanya hivyo pande zote mbili. Farasi mzima atasimama, pengine atageuza sikio. Mwenye maumivu atauzamisha mgongo ghafla, ataminya mkia, atatikisa kichwa au kugeuka akuume. Rudia kesho yake. Akikujibu mahali pale pale siku mbili, hapo pana tatizo.

Kisha tandiko. Kwenye mabanda mengi tandiko moja huvalishwa farasi watatu au wanne, na hapo ndipo vidonda vya mgongo huanzia. Liweke bila kitambaa chochote chini yake. Tazama mfereji wa katikati: unapaswa kuona mwanga kutoka mbele hadi nyuma, na mtu akishapanda bado vidole viwili au vitatu vipite kati ya tandiko na kigongo cha mabega. Pitisha kiganja chini ya mito ya tandiko. Isiwe na mahali panapobana sana na pengine panapoelea. Ukimaliza safari, angalia jasho. Vipande vikavu vyenye ukubwa wa kiganja katikati ya mgongo uliolowa ni dalili mbaya: hapo tandiko limekandamiza sana. Nywele nyeupe zilizoota mahali hapo ni alama ya kidonda au mgandamizo wa zamani.

Kumbuka pia kwamba farasi aliyetoka kwenye mbio hubadilika umbo. Anakuja mwembamba, anakula, ananenepa mgongoni na mabegani. Tandiko lililomkaa vizuri Januari linaweza kumbana ikifika Juni. Ukiongeza vitambaa chini ya tandiko linalobana, unazidi kubana.

Endelea: mkanda wa tumbo una ukoko wa jasho? Nyuma ya kiwiko pana michubuko? Masikioni kuna kupe? Farasi anayetikisa kichwa hovyo akivalishwa hatamu mara nyingi ana kupe ndani ya sikio, na saisi anapigana naye bure. Kucha zimepitiliza muda wa kukatwa? Meno yalitazamwa lini? Yanahitaji fundi au daktari angalau mara moja kwa mwaka, kwa maana meno ya farasi hayaachi kuchomoza, na kingo zake kali hukata mashavu kila unapovuta hatamu.

Halafu kuna tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Farasi wa mbio hulishwa nafaka nyingi na nyasi chache, kwa hiyo vidonda vya tumbo kwao ni jambo la kawaida sana. Akichukia kufungwa mkanda, akiuma hewa unapomtandika, akiwa mwembamba na manyoya yamekufa rangi, mwite daktari wa mifugo.

Saisi hapa una kazi ngumu: kumwambia mwenye farasi. Usiseme "farasi huyu hafai" wala "mimi simpandi". Mwonyeshe. "Madam, nikibonyeza hapa kushoto anazama. Jana pia ilikuwa hivyo. Njoo uone." Mtu akishaona kwa macho yake huwa anamwita daktari. Na asipomwita, wewe umeshasema.

Usivuke hatua hii kwa sababu farasi "anaonekana mzima".

Hatua ya 2: Angalia chakula na saa za kufungiwa

Farasi wa kilo 450 anahitaji angalau kilo 7 za nyasi kavu kwa siku, na bora zifike 9. Hizo ndizo msingi. Nafaka na chakula cha viwandani ni nyongeza ya kazi nzito, na kutembea msituni saa moja si kazi nzito. Nimeona farasi aliyeacha mbio mwaka mzima bado anapewa posho yake ya mbio, kwa sababu tu saisi wa kwanza alimwachia wa pili maelezo hayo. Farasi wa namna hiyo lazima arushe.

Punguza nafaka kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, si kwa siku moja, na kila unachopunguza kijaze kwa nyasi. Nyasi za Boma Rhodes ni nzuri. Lusani (alfalfa) kidogo husaidia tumbo, lakini usimjazie. Usimnyime chakula ili awe mnyonge: farasi mwenye njaa ana tumbo linalouma na hasira juu yake.

Sasa saa za kufungiwa. Sisi huku huwafungia farasi kuanzia kabla ya jua kuzama hadi asubuhi imechangamka, kwa ajili ya visubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni sawa, usiache. Lakini hesabu: saa kumi na tatu au kumi na nne amesimama kwenye banda. Ukimtoa hapo moja kwa moja, ukamtandika na kwenda naye nje katika baridi ya asubuhi ya Julai, unategemea nini? Mpe padoki kwanza, hata saa moja tu, ajinyooshe, agaagae, arushe anavyotaka akiwa peke yake. Kisha mtandike.

Vivyo hivyo baada ya mapumziko marefu. Akichanjwa, daktari huagiza apumzishwe kazi nzito kwa muda, na mvua za masika nazo humfungia ndani siku nyingi. Siku ya kwanza baada ya hapo usitoke naye nje. Fanya hatua ya 3 kwanza.

Hatua ya 3: Kazi ya kamba

Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Mzungushe kwa duara kubwa pande zote mbili, akitembea, kisha matiti (mwendo wa kukimbia polepole). Badilisha mwelekeo mara nyingi. Simamisha, rudisha nyuma hatua tatu, msogeze makalio kushoto na kulia. Unachotafuta ni sikio lake la ndani: likikugeukia wewe, anakusikiliza.

Onyo: usimzungushe nusu saa kwa kasi ili "kumtoa mvuke". Unamjengea pumzi na misuli. Baada ya mwezi utakuwa na farasi yule yule, ila sasa anahitaji saa nzima ndipo achoke, na viungo vyake vimeumia kwa mduara.

Fanya kazi hii akiwa ametandikwa. Kaza mkanda kwa awamu tatu, akitembea hatua kadhaa kati ya awamu na awamu. Ukiukaza wote mara moja, farasi wengine hujikunja na kurusha hata bila mtu juu. Akirusha na tandiko tupu kila siku, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4: Mfundishe breki ya upande mmoja

Hapa farasi wa mbio anahitaji somo jipya kabisa. Kule uwanjani mpandaji hushika hatamu kwa kukaza, na farasi huegemea lijamu na kuongeza mwendo. Kwa hiyo wewe ukiogopa na kuvuta hatamu zote mbili, yeye anaelewa kwamba mbio zimeanza. Unavuta, anakaza. Unavuta zaidi, anakaza zaidi, mpaka nguvu zinakosa pa kutokea isipokuwa nyuma.

Anza amesimama. Fupisha hatamu ya kulia, sogeza mkono wazi kuelekea nyonga yako, ngoja ageuze kichwa hadi karibu na goti lako. Akilegeza shingo tu, achia mara hiyo hiyo. Fanya kushoto. Kisha akitembea: kichwa kinageuka, miguu ya nyuma inapishana, anasimama. Kisha kwa matiti ya polepole. Rudia kila siku hadi aifanye bila kufikiri.

Onyo: usiitumie kamwe kwa ghafla farasi akiwa katika shoti (mwendo wa mbio) kali. Anaweza kujikwaa na kuanguka nawe. Hii ni breki ya mwendo mdogo, ya sekunde ile unapohisi mgongo unaanza kupanda.

Hatua ya 5: Jitazame wewe

Panda uwanjani na mtu akutazame, au akurekodi kwa simu. Magoti yamebana? Visigino vinapanda? Unashikilia pumzi? Farasi wa mbio hajazoea miguu mirefu ikimning'inia ubavuni, kwani mpandaji wake wa zamani alikaa juu na vikuku vifupi. Miguu yako ikimbana kwa woga, yeye anasikia amri ya kwenda, na mikono yako inasema asiende. Wapandaji hulaumu kichaa cha farasi kumbe amri ni mbili.

Mfundishe pia kusimama ukipanda. Wa mbio hupandwa akiwa anatembea, saisi akimrusha mpandaji juu kwa mguu. Tumia jukwaa dogo la kupandia, na usiondoke mpaka uhesabu kumi.

Kwa safari za nje fupisha vikuku tundu moja au mawili.

Hatua ya 6: Toka naye kwa miguu

Ndiyo, ukimkokota. Pita naye njia ile ile utakayompanda. Mwache aone bodaboda, mkokoteni wa maji, mabati yanayogonga kwenye upepo, mifuko iliyonaswa kwenye ua, mbwa wa jirani. Msituni kuna ngiri wanaochomoka shimoni bila taarifa. Akisita, simama naye, aangalie, anuse, kisha songeni. Usimvute akipite kitu kwa nguvu. Siku tatu au nne za hivi zinaokoa mengi, na watu hawazifanyi kwa sababu wanaona aibu kutembea na farasi mwenye tandiko.

Hatua ya 7: Safari za kutembea tu, na mwenza

Chagua siku tulivu, isiyo na upepo. Nenda kando kwa kando na yule farasi mzee, si nyuma yake. Ukimweka nyuma ataona makalio ya farasi mbele yake na kukumbuka foleni ya kuelekea kwenye mbio. Ukimkaribia mno mwenzake, mtapigwa teke. Dakika 20 za kwanza ndizo za hatari. Zijaze kazi: pinda kushoto kuzunguka mti, pinda kulia, simama, tembea, sogeza makalio. Akiwa na kazi kichwani hapati nafasi ya kutunga vituko.

Hatamu ziwe ndefu kiasi cha kumruhusu kutazama, fupi kiasi cha kuzikusanya kwa sekunde moja. Kuzilegeza kabisa ni kumkabidhi kichwa chake akakiweke chini.

Kaa hapa wiki mbili, hata kama amekuwa malaika siku ya tatu.

Hatua ya 8: Matiti, kisha shoti ya polepole

Tafuta mlima mdogo wenye udongo mzuri. Farasi anayepanda mlima anatumia miguu ya nyuma kujisukuma, kwa hiyo kurusha kunamwia vigumu. Kubaliana na mwenzako kabla ya kuanza: nani anasema "haya", mwendo gani, mtasimama wapi. Hakuna kumpita mwenzako. Anza na matiti mafupi mara nyingi. Shoti ya kwanza iwe fupi sana, na uimalize wewe kabla yeye hajapandwa na moto.

Badilisha mahali. Ukipiga shoti kwenye kichochoro kile kile kila siku, baada ya wiki atakuwa anaanza kurukaruka mita mia mbili kabla ya kufika. Na usipige shoti kuelekea nyumbani, hata siku moja, hata ukichelewa chai.

Hatua ya 9: Anaporusha

Kabla ya kurusha kuna dalili. Hatua zinafupika. Tandiko linainuka chini yako. Anakuwa kama anatembea mahali pamoja, mkia unapigapiga au umebanwa, shingo inakuwa ngumu na kichwa kinaanza kutafuta ardhi. Ukisubiri mpaka uwe na uhakika, umechelewa. Tenda kwenye hatua fupi:

1. Visigino chini, miguu isogee mbele kidogo, mabega nyuma. Tazama mbali mbele. Ukitazama masikio yake, mwili wako unafuata macho kwenda chini.
2. Mkono mmoja ushike ukanda wa shingo. Usishike hatamu kujizuia usianguke. Unamuumiza mdomo na anarusha zaidi.
3. Mkono wa pili unyanyue hatamu moja kwenda juu. Juu, si nyuma. Unatafuta kichwa.
4. Mwambie aende mbele kwa miguu yako. Hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kila kitu ndani yako kinataka asimame. Farasi anayesonga mbele hurusha vidogo. Aliyezuiwa hurusha vikubwa.
5. Kukiwa na nafasi, mgeuze kwenye duara pana mpaka atulie.

Akiwa anarusha huku akikimbia, ngumi moja yenye hatamu fupi ikandamize shingoni mbele ya tandiko, mkono wa pili uvute juu na kuachia, uvute na kuachia. Mvuto mmoja mrefu humpa kitu cha kuegemea.

Ukiona unaanguka, toa miguu kwenye vikuku na achia hatamu. Usizizungushe mkononi kamwe. Bingiria mbali na miguu yake.

Hatua ya 10: Mara baada ya hapo

Usimchape. Sekunde tatu zikipita hajui tena anachapwa kwa nini; atajua tu kwamba ukipanda kuna kipigo. Mrudishe kwenye kutembea, muombe kitu anachokijua, mpige shingoni kidogo akikifanya, kisha jaribu ule mwendo tena kwa muda mfupi.

Kama mikono inatetemeka, shuka. Hakuna aibu. Ila usimpeleke moja kwa moja bandani, maana atajifunza haraka sana kwamba kurusha ni tiketi ya kurudi kula. Fanya naye kazi ya kamba dakika tano pale pale, akusikilize, halafu mtembee nyumbani.

Matatizo ya kawaida

*Anarusha nikikaa tu kwenye tandiko, kisha anatulia.* Mgongo unamsumbua au mkanda umekazwa haraka. Mtandike mapema, mtembeze dakika kumi, kaza polepole, panda kwa jukwaa, kaa taratibu bila kudondoka. Ikiendelea, daktari.

*Anarusha mwanzo wa shoti, upande mmoja tu.* Huo ni mwili, si tabia. Mguu wa nyuma au kiuno cha upande ule. Acha shoti hadi akaguliwe.

*Anarusha tukigeuka kurudi.* Usigeukie mahali pamoja kila siku. Tumia njia za mzunguko. Ukifika getini, lipite, nenda mbele kidogo, rudi. Kilomita ya mwisho iwe ya kutembea daima, na chakula kisimsubiri kwenye ndoo.

*Anarusha wenzake wakimpita.* Rudini kwenye kutembea. Wa nyuma anampita wa mbele taratibu, anasimama, anapitwa. Rudieni mpaka iwachoshe, kisha kwa matiti. Na kama kundi lenu lina mtu anayependa kupita watu mbio, msiende naye.

*Ni farasi jike, na anarusha siku chache kila baada ya wiki tatu.* Andika tarehe. Huenda ni joto lake. Siku hizo mpe kazi nyepesi, na mweleze daktari ikizidi.

*Nimwekee lijamu kali?* Hapana. Farasi anayeogopa lijamu hukataa kwenda mbele, na mwendo wa mbele ndio silaha yako. Wengine huacha kurusha na kuanza kusimama wima, jambo ambalo ni baya zaidi.

*Dawa ya kutuliza kabla ya kupanda?* Hapana. Farasi aliyelewa dawa hujikwaa, na anaweza kushtuka vile vile. Dawa hizo ni za daktari, farasi akiwa chini hana mtu.

*Alikuwa ameacha, ameanza tena.* Rudi mwanzo bila hasira. Tandiko limebadilishwa? Nyasi mbichi zimeota baada ya mvua na yuko padoki siku nzima? Saisi mpya ameongeza nafaka? Amesimama wiki bila kazi? Mara nyingi jibu liko hapo.

*Tumefanya yote, daktari amesema mzima, bado anarusha bila dalili na anapinda katikati ili anitupe.* Huyo si wa mpandaji mpya wala wa saisi wa mwaka wa kwanza. Mwambie mwenye farasi waziwazi, mbele ya shahidi, na usikubali kumpanda ili "umpunguze makali" kabla watoto hawajampanda.

*Nimeanguka nikagonga kichwa, lakini najisikia sawa.* Usipande tena siku hiyo. Mwenzako asikuache peke yako. Ukitapika, ukisinzia, ukichanganya maneno au ukisahau ulivyoanguka, nenda hospitali mara moja. Kofia hiyo itupe hata kama haina ufa unaoonekana, kwa sababu povu lililobonyea ndani halirudi. Farasi mwenyewe huenda ameshafika nyumbani, kwa hiyo kila mkitoka, mwacheni mtu pale getini anayejua njia mliyopita.